Ndoo Moja au Ndoo Mbili: Ulishaji wa Nguruwe na Ubora wa Nyama

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Amani. Imepigwa chapa kama ilivyosomwa.)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "jambo lolote lenye manufaa kwa vijana". Wenzangu walionitangulia miaka iliyopita walizungumza juu ya sheria, juu ya mabenki, na mmoja juu ya safari zake za ng'ambo. Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Safari zangu zimekuwa za miguu, kutoka banda hadi banda, na mara nyingi nimerudi nyumbani nikiwa na harufu ambayo mke wangu hakuipenda. Kwa hiyo nitazungumza juu ya nguruwe. Na katika habari za nguruwe nitachagua swali moja dogo tu: apewe chakula mara ngapi kwa siku ili akue vizuri na nyama yake iwe nzuri?

Kabla sijaanza, nawaomba radhi ndugu zangu Waislamu. Wakati wetu shule hii iliwapa ninyi zamu ya bustani na ya ng'ombe, sisi wengine tukapewa zamu ya banda la nguruwe, na hakuna aliyemlazimisha mwenziwe. Kaeni nasi. Nitakayosema juu ya hori na juu ya mnyama mnyonge yanamfaa hata mwenye kuku na mbuzi.

Sababu ya kuchagua swali hili ni kwamba ninalo deni hapa shuleni. Limekaa tangu mwaka 1974, na leo nataka kulilipa.

Banda letu la mwaka 1974

Vijana, mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, na baada ya hapo kila shule ilitakiwa iwe na shamba au mradi wake. Sisi tulikuwa na migomba, bustani ya kabichi, ng'ombe wawili na banda la nguruwe kule chini karibu na kijito. Nilipokuwa Kidato cha Tatu tulinenepesha nguruwe sita, ndugu wa tumbo moja, walioachishwa kunyonya siku moja. Fedha za mauzo zilikuwa zimekwisha pangiwa kazi: kununua karabai mbili na mafuta ya taa, ili Kidato cha Nne wapate kusoma usiku kabla ya mtihani wao.

Kazi iligawanywa hivi. Mwenzangu mmoja, kiranja wa mradi, alishika ufunguo wa stoo na daftari. Yeye alipima pumba na makombo ya jikoni, ndoo moja ya asubuhi na ndoo moja ya jioni. Mimi nilikuwa mlishaji. Ndoo ya asubuhi ilitakiwa ifike horini saa kumi na mbili, na ninyi mnaijua baridi ya Amani saa hiyo, ukungu umelala mpaka juu ya miti na njia ya kijitoni inateleza kama sabuni.

Siku tatu nne nilikwenda. Baadaye nikajifanya mwenye akili. Nikasema moyoni: nguruwe ni nguruwe, na ndoo mbili ni ndoo mbili. Nikawa naiacha ndoo ya asubuhi kando, na jioni nazimwaga zote mbili kwa pamoja. Asubuhi nililala, na daftarini niliandika "ndoo mbili". Daftari halikusema uongo. Nilifanya hivyo kwa muda wa miezi miwili na nusu.

Siku ya kuuza, mchinjaji alipanda kutoka Muheza. Aliwakuta nguruwe wawili wanene kupita kiasi, wawili wa kadiri, na wawili wenye mgongo kama msumeno. Aliwachukua wanne, akawaacha wale wawili wa mwisho. Fedha zilitosha karabai moja.

Mwalimu wa mradi akafanya hesabu. Chakula kilichotoka stoo kwa mujibu wa daftari kilitosha nguruwe sita, lakini wawili walikuwa wamedumaa. Je, chakula kilikwenda wapi? Mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu. Ikasemwa kwamba aliuza pumba kijijini. Akanyang'anywa ufunguo na ukiranja mbele ya shule nzima, gwaridani. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Nilinyamaza.

Ndugu zangu, pumba hazikuibwa hata konzi moja. Zote ziliingia horini. Nitaeleza zilikwenda wapi, maana ilinichukua miaka na chuo cha mifugo kuelewa.

Nguruwe hulaje akiachwa ale apendavyo

Nguruwe anayekua, akiwekewa chakula muda wote, hali mara moja akalala. Hula kidogo, akanywa, akalala, akaamka akala tena, na mchana kutwa na usiku huweza kufika milo kumi hivi. Mtoto wa nguruwe anayenyonya hunyonya karibu kila saa. Ng'ombe ana tumbo la kuweka akiba ya majani na kucheua baadaye. Nguruwe hana. Tumbo lake ni moja na dogo, kama letu.

Kwa sababu hiyo mtu anaweza kufikiri kwamba kadiri milo inavyozidi ndivyo nguruwe anavyozidi kunenepa. Wako watafiti wa nchi nyingi waliolichunguza jambo hili, wakiwapa kundi moja milo miwili, kundi jingine sita, au hata kumi na miwili, na jumla ya chakula ikiwa ileile. Majibu yao hayakubaliani. Pengine waliolishwa mara nyingi walikua zaidi, pengine waliolishwa mara mbili ndio waliokua zaidi, na mara nyingi tofauti ilikuwa ndogo. Kwa hiyo tusidanganyane. Jambo la kwanza ni jumla ya chakula na ubora wake. Idadi ya milo haiongezi chakula kisichokuwamo ndooni, wala haigeuzi mafuta kuwa nyama nyekundu.

Hata hivyo yako mambo manne ambayo mlo mmoja kwa siku huyaharibu, na mfugaji wa kwetu yanamgusa.

La kwanza ni ugomvi wa horini. Kundi la nguruwe lina wakubwa na wadogo, na wote wanajuana. Chakula kinapokuja mara moja tu, wote wana njaa kali, na wenye nguvu hulizuia hori. Nguruwe aliyekaribia kuchinjwa anahitaji nafasi ya sentimita 30 hivi horini ili ale bila kusukumwa. Hori letu lilitosha vichwa vinne. Wale wawili wanyonge walisimama nyuma wakisubiri, na walipofika walikuta ubao. Asubuhi, wale wakubwa wakiwa bado na shibe kidogo, wanyonge wangepata nafasi yao. Lakini asubuhi mimi nilikuwa nimelala.

La pili ni upotevu. Ndoo mbili zikimwagwa pamoja, hori hujaa hadi ukingoni. Nguruwe husukuma kwa pua, chakula humwagika, hukanyagwa na kuchanganyika na mavi. Kinachobaki hulala usiku kucha na kuchacha. Wengi wenu mkienda bandani asubuhi mnaona uji mweusi chini ya hori. Huo uji ni shilingi.

La tatu ni tumbo lenyewe. Nguruwe anayekaa na njaa kwa muda mrefu kisha akashiba ghafla hupatwa kwa urahisi na vidonda vya tumbo, hasa kama chakula kimesagwa laini mno. Nguruwe mwenye vidonda hula kwa kusitasita, hukonda, na wakati mwingine hufa ghafla akiwa mweupe kwa kuvuja damu ndani.

La nne ni protini. Mwili wa nguruwe hauna ghala la kuweka protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Protini inayokuja leo lazima itumike leo, na sehemu zake zote zifike pamoja. Mojawapo ya sehemu hizo huitwa laisini, na ndiyo inayopungua sana katika pumba za mahindi. Miaka ya 1970 mtafiti E. S. Batterham wa Australia alionyesha kwamba nguruwe waliopewa laisini safi ya kiwandani katika mlo mmoja kwa siku walifaidika nayo kidogo kuliko waliolishwa mara kadhaa. Sababu ni kwamba laisini ile huingia damuni haraka, kabla protini ya chakula chenyewe haijameng'enywa. Siku hizi laisini hiyo inauzwa hata kwetu. Mkiinunua kwa bei ile na kuimwaga katika mlo mmoja, mmetupa sehemu ya fedha zenu. Na mwenye dagaa au mashudu ya alizeti achanganye katika kila mlo. Asitoe pumba tupu asubuhi na dagaa jioni.

Basi apewe mara ngapi?

Nitajibu kwa umri, maana mtoto na mama hawalishwi sawa.

Watoto walioachishwa kunyonya wapewe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku katika majuma mawili ya mwanzo. Jana walikuwa wakinyonya kila saa. Ukiwapa mlo mmoja mkubwa leo, watavimbiwa na kuharisha.

Wanaokua na wanaonenepeshwa wapewe mara mbili, asubuhi na jioni, saa zilezile kila siku. Kwa mfugaji wa kawaida mara mbili inatosha. Mwenye hori fupi na kundi lenye wanyonge akiweza kuongeza mlo wa tatu, au bora zaidi akatenga wanyonge katika chumba chao, atafaidi. Kadirio la chakula kikavu kilicho kizuri ni kilo moja hivi kwa nguruwe wa kilo 20, kilo mbili na ushei kwa nguruwe wa kilo 60, na karibu kilo tatu kwa nguruwe wa kilo 90. Makombo na majani yenye maji mengi hayahesabiwi kilo kwa kilo, maana kilo nne za majimaji zinaweza zisifikie kilo moja ya pumba.

Jike mwenye mimba anatosheka na kilo mbili hadi mbili na nusu kwa siku, hata katika mlo mmoja au miwili, mradi asinenepe. Lakini jike anayenyonyesha ni habari nyingine. Apewe kilo mbili kwa ajili yake mwenyewe, na nusu kilo hivi kwa kila mtoto. Mwenye watoto wanane anahitaji kilo sita, na kilo sita haziingii katika mlo mmoja. Mpe mara tatu. Akikosa, atayeyusha mwili wake mwenyewe kutengeneza maziwa, na atachelewa kupata mimba tena.

Katika yote hayo msisahau maji. Nguruwe anayenenepeshwa hunywa lita tano hadi kumi kwa siku, na mama anayenyonyesha hunywa zaidi ya lita ishirini. Asiye na maji hali, hata ukimlisha mara kumi.

Baridi ya Amani na joto la Muheza

Saa za kulisha zinategemea mahali. Amani tuko kwenye mita 900 hivi juu ya bahari, na wenzetu wa Lushoto wako juu zaidi, kwenye mita 1,400 hivi. Nguruwe mkubwa hustarehe katika ubaridi wa namna hii, na hula vizuri. Lakini mtoto wa nguruwe anazaliwa karibu hana manyoya wala mafuta, na katika juma la kwanza anataka joto la nyuzi 30 hivi. Huku kwetu wengi hufa kwa baridi na kulaliwa na mama, na mfugaji husema ni uchawi. Wekeni majani makavu na kona yenye kinga.

Shukeni sasa hadi Muheza, kwenye joto la pwani. Nguruwe hana jasho la maana la kumpoza. Na kila anapokula, mwili wake hutoa joto la kumeng'enya, kama jiko linaloongezwa kuni. Ukimlisha saa saba mchana ataacha chakula, atalala kwenye tope na kuhema. Kwa wenzetu wa huko chini milo miwili iwe alfajiri na jioni jua likishapoa, na mlo wa jioni uwe mkubwa zaidi. Hapo kugawanya chakula kuna faida iliyo wazi kuliko hapa mlimani.

Nimesikia wanaofanya kazi katika mashamba ya chai wakisema hawana nafasi asubuhi. Nawaelewa. Mchuma chai wa Kwamkoro au Bulwa hutoka nyumbani na giza. Lakini chakula cha asubuhi kinaweza kupimwa usiku, kikawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na mtoto anayekwenda shule akakimimina kwa dakika tano. Kisikorogwe na maji tangu usiku, maana kitachacha.

Chakula cha mlimani na nyama yake

Sisi wa Usambara tuna bahati ya chakula: mihogo, magimbi, majani ya viazi, ndizi, mafenesi, maparachichi.

Kuhusu mihogo, vijana wajue historia ya mahali wanapoishi. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo hapa Amani mwaka 1902. Baadaye, chini ya Waingereza, H. H. Storey na wenzake walifanya kazi hapa juu ya ugonjwa wa batobato wa muhogo. Walipandanisha muhogo na mmea wa jamii yake unaotoa mpira, wakapata mbegu zilizoweza kuuvumilia ugonjwa, na damu ya mbegu hizo ilikuja kuingia katika mihogo ya Nigeria na kwingineko Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 utafiti wa kilimo ulianza kuhamishiwa Muguga nchini Kenya, na Amani ikawa makao ya utafiti wa malaria. Ndiyo kusema kijiji hiki kimewahi kulisha watu wengi kwa sababu kulikuwa na watu waliopima, wakaandika, wakapima tena.

Muhogo mchungu una sumu. Ukatwe vipande na kuanikwa ukauke sawasawa, au upikwe. Na muhogo ni nguvu tupu, hauna protini ya kutosha. Nguruwe wa muhogo peke yake atakuwa na tumbo kubwa na paja dogo.

Kuhusu ubora wa nyama, chakula huonekana wazi katika mafuta. Nguruwe huweka mafuta kama alivyoyala. Akilishwa maparachichi mengi au dagaa wengi wenye mafuta, mafuta yake huwa laini na ya kuteleza, hayagandi vizuri, na mwenye bucha huyakataa. Dagaa huacha pia harufu ya samaki nyamani. Wapeni wakiwa wadogo, maana ndipo wanapohitaji protini, kisha waondoeni majuma kadhaa kabla ya kuchinja na kuweka mashudu au maharage ya soya yaliyokaangwa.

Mlo wa mwisho una uzito wake. Hapa idadi ya milo inahusika na nyama moja kwa moja. Nguruwe asichinjwe akiwa na tumbo lililojaa. Akisafirishwa ameshiba hutapika, hata hufa njiani, na utumbo uliojaa hupasuka kwa kisu na kuchafua nyama. Azuiliwe chakula kwa saa 12 hadi 24 kabla ya kuchinjwa, lakini maji apewe. Yasizidi hapo.

Sababu ni hii. Katika misuli kuna akiba ya sukari, na mnyama akishachinjwa akiba hiyo hugeuka asidi, ikaipa nyama rangi nzuri na kuifanya idumu. Nguruwe aliyekaa na njaa na machovu siku mbili ameimaliza akiba yake. Nyama yake huwa nyeusi, kavu, yenye kunata, na huoza upesi. Na nguruwe aliyekimbizwa na kupigwa fimbo dakika chache kabla ya kisu hutengeneza asidi haraka wakati mwili ungali moto. Nyama yake huwa nyeupe, laini kama iliyolowa, na hutoa maji kwenye sufuria. Miezi sita ya ulishaji mwema inaweza kupotea kwa robo saa ya fujo. Mwongozeni polepole kwa ubao, apumzishwe akifika, achinjwe kwa utulivu.

Makombo na magonjwa

Sisi tulilisha makombo ya jikoni bila kuyachemsha. Tuliokoka kwa bahati. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery huko Kenya mwaka 1921, huua karibu banda zima, na hakuna dawa ya kuitibu. Haimdhuru binadamu, lakini virusi vyake hukaa muda mrefu katika nyama mbichi na hata iliyokaushwa. Mabaki ya kitimoto kutoka mgahawani yanaweza kufunga banda lako. Msilishe makombo yenye nyama ya nguruwe kabisa. Makombo mengine yachemke kwelikweli kwa nusu saa au zaidi, huku yakikorogwa. Na mlishaji awe na viatu vya bandani visivyotoka bandani.

Tena msiwaachie nguruwe wazurure. Nguruwe akila mavi ya mtu mwenye tegu hupata malengelenge nyamani. Mtu akila nyama hiyo haijaiva hupata tegu. Na mayai ya tegu yakiingia mwilini kwa uchafu, vifuko vyake vinaweza kuota hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Choo kwa kila nyumba, nguruwe bandani, nyama ikaguliwe, ipikwe iive. Hayo manne yakishikwa, ugonjwa huu hauna njia.

Kazi ninayowaachia wanafunzi

Sikuja kuwaambia mniamini. Nimekuja kuwaomba mpime. Chukueni watoto wanane wa tumbo moja. Wapimeni, kisha wapangeni wawili wawili wanaokaribiana uzito, na kwa kila jozi mtupe shilingi kuamua nani aende chumba cha kwanza na nani cha pili. Vyumba viwe sawa na hori sawa. Chumba kimoja kilishwe mara moja, kingine mara mbili, lakini jumla ya kilo kwa siku iwe ileile kabisa. Kila juma pimeni kila mmoja na mwandike.

Msipokuwa na mzani mkubwa, tumieni utepe wa fundi cherehani. Pimeni mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisheni mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye mzingo wa mita 1 na urefu wa mita 1.1 ana kilo 76 hivi. Si mzani kamili, lakini utawatosha kuona nani anaachwa nyuma.

Na msitazame wastani peke yake. Hilo ndilo kosa la hesabu yetu ya mwaka 1974. Tazameni aliye mdogo kuliko wote katika kila chumba. Nadhani huko ndiko mtakakoona tofauti kubwa. Kama nimekosea, andikeni katika gazeti hili kwamba nimekosea.

Mwisho

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha eleza pumba zilikwenda wapi. Ziliingia katika matumbo ya nguruwe wawili wenye nguvu, nyingine katika tope, na nyingine zilichacha horini, kwa sababu mlishaji alipenda usingizi. Aliyeshika ufunguo hakuchukua kitu.

Mwenzangu huyo yuko humu ukumbini. Jana usiku nilikwenda chumbani kwake kumwomba ruhusa ya kusema haya. Alikaa kimya kitambo, akacheka kidogo, kisha akasema: "Sema. Lakini usiseme kwa ajili yangu, mimi nimekwisha zeeka. Sema kwa ajili ya hao watoto, mwalimu asije akamhukumu mtu kwa daftari bila kwenda bandani."

Kaka, mbele ya shule uliyoaibishwa, naomba radhi. Nimechelewa zaidi ya miaka arobaini.

Na ninyi wa Kidato cha Nne, karabai hazitumiki tena hapa, kwa hiyo deni lile siwezi kulilipa kwa taa. Nimeleta mzani wa kupimia mifugo, uko nje kwenye gari. Ni wa banda lenu. Naomba ufunguo wake ashike kiranja wa mradi, na mlishaji aamke mapema.